Tazama Miguu ya Mgonjwa

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, lililotolewa na Afisa Elimu, Kyimo, Wilaya ya Rungwe

  Natumaini mwalimu amekwisha kufunga mlango ili baridi isiingie, na kila mwanafunzi ana daftari na kalamu yake. Yule asiyeweza kuandika upesi asihangaike. Asikilize tu. Maneno haya yamepigwa chapa, na baada ya kipindi mtayasoma pamoja polepole.

Somo letu la leo ni miguu. Kwa Kiswahili, tukisema mguu twaweza kuwa na maana ya kiungo chote, toka nyonga hadi vidole. Leo nataka hasa sehemu ile ya chini: kifundo, kisigino, unyayo na vidole. Swali letu ni hili: mtu akipatwa na ugonjwa wa virusi, akakaa nyumbani siku nyingi, miguu yake hupatwa na nini?

Huenda mmoja wenu atasema, "Mwalimu, mgonjwa yuko kitandani. Haendi shambani wala sokoni. Miguu yake imepumzika. Itapatwaje na taabu?" Nami nilifikiri hivyo hivyo, mpaka jambo hili lilipotokea katika nyumba yetu.

Habari ya mjomba wangu

Mwaka 2021, katika miezi ya baridi, mjomba wangu aliugua homa na kifua. Yeye ni mtu mzima, mwenye ugonjwa wa kisukari tangu zamani. Alipata nafuu ya kifua, lakini nguvu zilikuwa zimemwisha. Akakaa nyumbani wiki tano. Tulimtunza vizuri, au tulifikiri tunamtunza vizuri. Uji ulikuwapo, maziwa yalikuwapo, na ndizi za kupika hazikukosekana. Kila siku tulimwuliza habari za kifua, habari za usingizi, habari za chakula. Kwa sababu ya baridi, tulimwekea kiti jikoni karibu na moto, naye alinyoosha miguu yake, amevaa soksi nzito.

Siku moja nilikwenda kumtazama. Nikasema, "Shikamoo, mjomba. Mbona soksi yako imelowa?"

Akajibu, "Marahaba, mjomba. Imelowa? Mimi sikuhisi kitu."

Tulipoivua, tulikuta vidole viwili vimeungua, na kidonda kimekwisha kuoza. Moto ulikuwa umemchoma siku kadhaa zilizopita, naye hakusikia maumivu, kwa kuwa kisukari kilikuwa kimekwisha kuua fahamu za miguu yake. Hospitalini vidole vile viwili vilikatwa ili mguu upone.

Jambo lililoniuma ni kwamba nyumba yetu ilijaa watu, tena watu wanaompenda. Katika wiki zile tano hakuna hata mmoja wetu aliyevua soksi zile na kutazama. Ndiyo maana ninatoa somo hili.

Virusi ni nini?

Virusi ni vijidudu vidogo mno. Havionekani kwa macho, wala kwa hadubini ile ya kawaida ya zahanati. Haviwezi kuzaana peke yake. Sharti viingie ndani ya chembe za mwili wa mtu, mnyama au mmea. Mafua, surua, polio, UKIMWI, homa ya dengi, chikungunya na korona, yote haya huletwa na virusi. Lakini malaria si virusi, na kifua kikuu si virusi. Tena kumbukeni jambo hili: zile dawa za kuua bakteria, ambazo watu wengi hununua dukani wakiona homa tu, haziui virusi.

Ugonjwa wa virusi hufika miguuni kwa njia mbili. Andikeni daftarini:

1. Virusi vyenyewe huumiza viungo, mishipa ya fahamu au ngozi ya mguu.
2. Ugonjwa humweka mtu nyumbani, na maisha ya kukaa nyumbani huumiza miguu.

Tuzitazame njia hizi moja moja.

Njia ya kwanza: virusi vyenyewe

Tuanze na viungo. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa katika Uwanda wa Makonde, upande wa Newala, ambako leo ni Mkoa wa Mtwara. Watu walishikwa na homa kali ghafula, na maumivu ya vifundo, magoti, vidole na viganja, hata wakashindwa kusimama wima. Wamakonde waliupa ugonjwa huo jina linaloeleza mtu aliyekunjamana kwa maumivu. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955, na jina hilo la Kimakonde sasa linatumika duniani kote: chikungunya. Mjue basi kwamba ugonjwa huu unaosumbua watu hata Asia na Amerika ulielezwa mara ya kwanza katika nchi yetu.

Ulienezwaje? Uwanda ule una shida ya maji. Watu waliyahifadhi mitungini, majumbani mwao. Mbu aina ya Aedes, yule mwenye madoadoa meupe, ambaye huuma mchana, huzaliana katika maji kama hayo yasiyofunikwa. Kwa hiyo adui aliyewakunja watu miguu alikuwa akilelewa ndani ya nyumba. Mwaka 2004 mambo kama hayo yalitokea Lamu, katika pwani ya Kenya. Ulikuwa wakati wa ukame, watu wakihifadhi maji, na sehemu kubwa ya wakazi wa mji ule waliugua.

Mwaka 1959 ulizuka Uganda ugonjwa ulio ndugu wa huo, uitwao o'nyong'nyong, jina la Kiacholi. Huo hupelekwa na mbu yule yule wa malaria. Ulienea hadi Kenya na Tanganyika, na watu kama milioni mbili waliugua.

Homa ya chikungunya huisha kwa siku chache. Maumivu ya viungo, lakini, yaweza kubaki miezi, na kwa watu wengine miaka. Asubuhi mgonjwa anapokanyaga chini, vifundo vimekaza kama mlango wenye bawaba zilizoshika kutu. Jirani anasema, "Huyu amepona, ila amekuwa mvivu." Sivyo. Damu imepona, viungo bado. Mtu wa namna hiyo asilazimishwe kubeba mkungu wa ndizi siku ya kwanza, wala asilale kutwa. Atembee kidogo, apumzike, kisha atembee tena. Na kwa maumivu ya homa kama hizi, ni salama kutumia paracetamoli kwa kipimo alichoelezwa. Asitumie aspirini mpaka mganga ahakikishe kwamba si dengi, maana dengi yaweza kusababisha kutoka damu, na aspirini huzidisha.

Mtasema, "Huku Tukuyu ni juu, mbu ni wachache." Ni kweli baridi yetu inasaidia. Lakini ndizi na viazi vyetu vinakwenda Dar es Salaam, na watu wetu wanakwenda navyo. Mwaka 2019 Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wengi wa dengi. Aliyekwenda na mzigo aweza kurudi na homa.

Sasa tuje kwenye mishipa ya fahamu. Mishipa hii ni kama waya zinazopeleka habari kati ya miguu na ubongo. Virusi vya polio huingia kwa mdomo, kwa maji au mikono yenye uchafu wa choo. Watoto wengi walioambukizwa hawaonyeshi dalili kubwa. Lakini kwa kadiri, mmoja katika kila watu 200 walioambukizwa hupooza, na mara nyingi ni miguu inayopooza. Kupooza huko hakuna dawa. Kinga ipo: chanjo.

Hapa nataka mama mwenye mtoto mdogo asikilize vizuri. Mgonjwa wa mwisho wa polio ile ya asili katika Tanzania alionekana mwaka 1996. Watu wakaanza kusahau. Kisha Februari 2022 nchi jirani ya Malawi, ambayo sisi wa upande huu twapakana nayo, ilitangaza mtoto aliyepooza kwa polio. Mwezi wa Machi mwaka huo huo watoto wa Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma walipewa matone ya chanjo, wahudumu wakipita nyumba kwa nyumba. Yule mama aliyefungua mlango wake aliilinda miguu ya mwanawe kwa maisha yote.

Na mtoto ambaye amekwisha kupooza je? Hapo tena maisha ya nyumbani yana neno. Mguu usio na nguvu ukiachwa uning'inie chini ya blanketi, kano ya kisigino hukaza, na unyayo hubaki umeelekea chini. Baadaye mtoto hawezi kukanyaga kwa kisigino. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aweza kumfundisha mama jinsi ya kuunyoosha mguu huo kila siku kwa upole. Dakika chache za mikono ya mama zaweza kumpa mtoto uwezo wa kusimama kwa msaada wa gongo au chuma.

Virusi vya UKIMWI navyo vyaweza kudhuru mishipa ya fahamu. Wagonjwa watatu wa kwanza katika nchi yetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Tangu hapo familia nyingi zimewauguza ndugu zao nyumbani. Mgonjwa aweza kusema, "Nyayo zangu zinawaka moto," au, "Nakanyaga kama juu ya pamba." Asidharauliwe. Dawa moja ya zamani, stavudini, nayo ilichangia hali hiyo, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiache. Dawa za sasa ni bora zaidi. Mtu mwenye ganzi asiache dawa zake hata siku moja. Aende kliniki akaeleze.

Mwisho ni ngozi. Kuna chunjua, na kuna sugu. Watu huvichanganya. Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kwa kusuguliwa na kiatu au jembe. Chunjua huletwa na virusi. Chunjua la unyayoni mara nyingi huwa na vitone vidogo vyeusi ndani, na huuma ukilibana kwa pembeni. Virusi vyake hupenda mahali penye unyevu, kama sakafu ya bafu inayotumiwa na watu wengi, na kandambili zinazovaliwa na nyumba nzima. Usilikate kwa wembe. Damu itatoka, na utalieneza. Kila mtu awe na kandambili zake.

Njia ya pili: kukaa nyumbani

Sasa tutazame njia ya pili. Hii haichagui ugonjwa. Iwe korona, iwe chikungunya, iwe mafua makali, mtu akikaa ndani wiki nyingi, miguu hupata taabu.

Moyo husukuma damu hadi vidoleni. Lakini damu hiyo hurudije juu? Husaidiwa na misuli ya shavu la mguu. Kila hatua tunayopiga, misuli hiyo hubana na kusukuma damu juu, kama mtu anayepiga pampu ya kisima. Mgonjwa asipotembea, pampu imesimama. Maji ya mwili hujikusanya chini, na vifundo huvimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo hubaki. Tena misuli isiyotumika hupungua upesi. Siku chache kitandani zatosha kumfanya mtu ayumbe anaposimama.

Ipo hatari kubwa kuliko uvimbe. Damu iliyotulia yaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Bonge hilo laweza kung'oka na kwenda mapafuni, na mtu akafa kwa ghafula. Korona yenyewe huongeza tabia ya damu kuganda. Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukiwa na joto na maumivu katika shavu la mguu, usisugue, usikande. Mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kisigino nacho kina shida yake. Mgonjwa aliyelala chali bila kugeuka hukibana kisigino juu ya godoro au mkeka saa nyingi. Damu haipiti hapo. Ngozi huwa nyekundu au nyeusi, kisha hupasuka ikawa kidonda. Chukua mto au nguo iliyokunjwa, uiweke chini ya shavu la mguu, kisigino kibaki kikielea. Na mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili.

Mnakumbuka mwaka 2020. Tarehe 16 Machi nchi yetu ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na mara shule zikafungwa. Shule za msingi zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Hapa kwetu watu waliendelea na mashamba na masoko, lakini wagonjwa na wazee wengi walikaa ndani. Huko Ulaya watu wengi walizuiwa kabisa wasitoke. Madaktari wa huko wakashangaa kuona vijana wengi wenye vidole vya miguu vilivyovimba na kuwa vyekundu au zambarau. Wengi wao walipopimwa hawakuonekana na virusi. Baadhi ya madaktari wakaanza kuuliza juu ya maisha yao. Vijana hao walikaa nyumbani kutwa, bila viatu wala soksi, juu ya sakafu baridi, pasipo kutembea. Madaktari hao wakasema kwamba huenda maisha hayo nayo yalichangia. Nasi wa Rungwe, ambao mwezi wa Juni na Julai twaijua baridi, yafaa tusikie habari hiyo.

Kukaa nyumbani ni kukaa pekupeku. Shambani mtu huvaa mabuti ya mpira. Akirudi huyavua, na ndani hutembea miguu mitupu. Kisigino hukauka na kupasuka. Ufa ukizidi kuwa mrefu, ni mlango wa wadudu wa maradhi. Penye sakafu ya udongo yenye vumbi, huingia funza.

Funza si mwenyeji wa Afrika. Alikuja kwa meli kutoka Brazili hadi pwani ya Angola mwaka 1872. Kisha akavuka bara zima katika miguu ya wasafiri na wapagazi, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amekwisha kufika Afrika Mashariki. Mgonjwa asiye na nguvu hawezi kujitoa funza, na wakati mwingine haya humzuia kuomba. Ndugu humsaidia kwa pini au sindano. Jambo hilo ni jema, lakini angalieni: pini ile ile ikipita kwa baba, kisha mama, kisha watoto, inapita na damu. Ndani ya damu mnaweza kuwamo virusi vya homa ya ini au vya UKIMWI. Basi, kila mtu awe na sindano yake mpya na safi, na jeraha lioshwe kwa sabuni. Funza wakiwa wengi, nendeni zahanati.

Tufanye nini?

Sasa tufikie kazi yenyewe. Haya ninayoyasema hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji beseni, sabuni, kitambaa kikavu, mafuta kidogo na taa. Fanyeni kila jioni kwa mgonjwa aliye nyumbani.

Kwanza, vua soksi na kandambili, utazame. Tazama juu, tazama unyayo, tazama katikati ya vidole. Mgonjwa asiyeweza kujiinamia atazamwe na mwingine. Tafuta jeraha, lengelenge, uvimbe, mabadiliko ya rangi, harufu.

Pili, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu mzima mwenye afya, wala si kwa mguu wa mgonjwa, maana mguu wenye ganzi haujui moto. Mwenye kisukari asiloweke miguu muda mrefu.

Tatu, kausha, hasa katikati ya vidole. Hapo unyevu ukibaki, ukungu huota, ngozi ikawa nyeupe na kupasuka. Paka mafuta kisigino na unyayo. Usipake katikati ya vidole.

Nne, pampu ifanye kazi. Mgonjwa akiwa amelala, avute vidole kuelekea kwake, kisha avisukume mbali. Mara 10. Kisha azungushe kifundo upande huu na upande huu. Afanye hivyo kila aamkapo, kila alapo chakula, na kabla ya kulala. Akipata nguvu, asimame akishika kiti. Kesho yake aende mpaka mlangoni. Keshokutwa mpaka migombani. Akikaa, ainue miguu juu ya kigoda.

Tano, mvike kitu chepesi miguuni hata ndani ya nyumba: kandambili zisizoteleza, au viatu laini visivyobana. Kabla ya kuvaa kiatu chochote, akikung'ute. Kucha zikatwe kwa kunyooka, zisichimbwe pembeni. Kiti chake kisiwe karibu na moto. Kama anasikia baridi, afunikwe blanketi.

Mtu wa kisukari na mtu mwenye ganzi wasikose hata jioni moja. Kwao kidonda kidogo si kidogo.

Dalili za kupeleka hospitali

Mwalimu, andika maneno haya ubaoni. Mgonjwa apelekwe zahanati au hospitali bila kungoja:

Mguu mmoja umevimba, una joto na unauma.
Kidonda kinatoa usaha au harufu, au kiko kwa mtu wa kisukari, hata kama hakiumi.
Kidole kimekuwa cheusi au baridi kama jiwe.
Mtoto mguu wake umelegea ghafula.
Mgonjwa mwenye uvimbe wa mguu anabanwa pumzi au kifua kinamchoma.

Msijaribu kwanza majani, mafuta ya gari, au majivu juu ya kidonda. Siku zinazopotea hapo ndizo zinazopoteza vidole.

Maswali ya darasa

Baada ya kipindi, mwalimu awagawe wanafunzi katika vikundi, wajibu maswali haya:

1. Taja njia mbili ambazo ugonjwa wa virusi huumiza miguu.
2. Kwa nini miguu ya mtu asiyetembea huvimba?
3. Chunjua na sugu vinatofautiana namna gani?
4. Katika nyumba yako, maji huhifadhiwa wapi, nayo yamefunikwa?
5. Nani katika nyumba yako hawezi kutazama unyayo wake mwenyewe? Nani atamtazamia leo jioni?

Swali la tano msilijibu kwa mdomo tu. Jibu lake liko nyumbani.

Kabla sijaaga, huenda mnataka kujua habari za mjomba. Yu hai. Anatembea kwa mkongojo, na shamba lake la migomba analitazama mwenyewe. Kila jioni huketi barazani, akavua soksi, akamwita mjukuu wake aliye darasa la tatu. "Njoo mjukuu wangu, nisomee miguu," husema. Mtoto huja na tochi, akapita kidole kwa kidole, unyayo huu na unyayo ule, kisha hutoa habari: "Babu, leo hakuna kitu." Au, kama wiki iliyopita, "Babu, hapa pana mchubuko." Siku ile ile mjomba alikwenda zahanati, na mchubuko ule umekwisha kupona.

Nanyi mkifika nyumbani leo, pokeeni salamu, ulizeni habari za homa na za chakula, kisha mwombe mgonjwa ruhusa, mkazitazame nyayo zake.

 Tukutane katika somo lijalo. Kwaherini.